Shokapu za nyuma nilibadilisha mara mbili, kumbe aliyejua ugonjwa alikuwa mama

Wakuu, shikamooni wakubwa, na vijana marahaba.

Mimi huku ni msomaji tu. Leo naandika kwa sababu kuna kijana kaleta uzi kuhusu baiskeli yake ya mtumba, zile za milimani zenye springi za suspension nyuma. Anasema inagonga. Akipanda yeye iko poa, akipanda mkewe analalamika. Akamalizia, "wanawake bwana, wanadeka."

Kijana, sentensi hiyo imeniharibia siku.

Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Ningefurahi sana ingekuwa chai.

Ilikuwa miaka ya sabini, nafundisha shule ya msingi huko Kilolo. Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Daktari Iringa mjini alituambia wazi kwamba atapona, ila kila wiki aje kutibiwa, na asikatishe hata kidogo.

Basi la kwetu lilikuwa la kubahatisha. Mvua ikinyesha, halipo. Nikanunua pikipiki iliyotumika kwa mfanyabiashara mmoja Mhindi pale mjini aliyekuwa anahama. Engine safi kabisa. Nikajiona nimemaliza kazi.

Safari ya kwanza tu, nyuma ikaanza. Ngo! Ngo! Kila shimo, ngo!

"Mama, inakuumiza?"

"Hapana mwanangu, endesha tu."

Nikaipeleka Kihesa kwa Fundi Kasimu. Akakandamiza kiti kwa nguvu, akaachia. Nyuma ikadunda mara tatu. Akasema shokapu zimekwisha mafuta, ikishuka inatakiwa ipande mara moja na kutulia. Kweli, hata kwa chini zilikuwa zimelowa.

Spea enzi hizo, wakuu, mlie tu. Iringa nzima hakuna. Nikapanda basi hadi Mbeya, tukalala Igawa kwa sababu gari liliharibika, na Mbeya kwenyewe nikazunguka siku mbili. Nikapata jozi iliyotumika. Nilirudi nimezipakata kifuani kama mtoto mchanga.

Fundi akafunga. Akakandamiza, ikatulia. Nikapanda mimi, kimya. Akapanda yeye, kimya. Tukapeana mikono.

Wiki iliyofuata nikampakia mama. Ngo!

Nilitukana moyoni matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Nikarudi Mbeya. Jozi nyingine. Tukaijaribu mimi na fundi, kimya tena. Akapanda mama, ngo!

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mama alikuwa anakaa upande, miguu yote kushoto, khanga kaifunga vizuri. Mwanamke wa heshima zake asingepanua miguu kwenye pikipiki. Uzito wake wote ulikuwa unaelemea kushoto. Sisi wanaume tulikuwa tunakaa katikati.

Na kumjaribisha yeye je? Nimkalishe mama juu ya pikipiki, fundi alale chini ya miguu yake anachungulia? Thubutu! Kwa malezi yetu hilo hata kufikirika halifikiriki. Basi tukawa tunapima ugonjwa bila mgonjwa kuwepo, na tunajiona wataalamu.

Siku moja mama akaniambia amepona.

"Tazama," akasema, akachukua jembe akalima matuta mawili mbele yangu, anacheka. Nikaamini, safari za hospitali zikakoma. Mungu anisamehe, wakuu, na mimi nilikuwa nimechoka. Nilitaka kuamini.

Mvua zilipokolea, miguu yake ikafa ganzi. Tukambeba kwa machela hadi barabarani, tukapata lori. Daktari akamwangalia, akaniangalia mimi, akauliza kwa nini tulikatisha. Mahindi hayajakomaa, tukamzika.

Baada ya matanga nilifunga gunia la viazi kwenye ile pikipiki. Likaniteleza, likaning'inia kushoto. Nikatoka hivyo hivyo.

Ngo!

Nilisimama pale barabarani nikalia kama mtoto. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Kasimu, gunia sikuligusa. Akaiweka kwenye stendi, akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalitikisa kushoto kulia. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu ukacheza wote. Bushi ya kushoto, kile kipete kinachoushikilia mkono huo usicheze, ilikuwa imelika kabisa. Uzito ukienda upande ule, chuma kinagonga chuma.

Shokapu hazikuwa na kosa tena tangu ile jozi ya kwanza.

Alichonga bushi mpya kwa kipande cha shaba. Hata chai aliyoagiza ilikuwa haijapoa, kazi imekwisha. Akaniuliza, "Mwalimu, mama alikuwa anasema inagongea wapi?"

Nilimuuliza kama inauma. Inagongea wapi sikumuuliza hata siku moja.

Nilipomweleza dada yangu, akasema mama alimwambia zamani: "Inanipiga hapa, nyonga ya kushoto, hadi naona giza. Lakini usimwambie, ameihangaikia mno ile pikipiki."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alilima yale matuta mawili.

Wakuu, nimezeeka sasa na bado naisikia ile ngo. Watu wananiambia ilikuwa kazi ya Mungu. Sawa. Ila bushi ilikuwa kazi yangu.

Somo langu ni hili. Chombo cha mtumba usikipime kwa makalio yako peke yako. Kandamiza kiti, angalia mafuta yanayovuja, tikisa gurudumu upande kwa upande. Halafu mpandishe yule anayelalamika, akae anavyokaa siku zote, na umuulize panapogonga.

Kijana mwenye baiskeli, mkeo hadeki. Nenda kamuulize ni upande gani, kisha urudi hapa utuambie amejibu nini. Na wengine mliowahi kuchelewa kuuliza, karibuni. Nitasoma yote.