Madumu ya Maziwa Kinamasini

Asubuhi ya mwisho waliyokunywa kahawa pamoja, Zélie alimcheka mumewe kwa kuvaa sweta ndani nje.

"Anthime, unakwenda wapi na mishono hiyo? Unataka kuku wakuonee huruma?"

"Kuku hawanitazami. Wewe ndiye unayenitazama."

"Mimi nilishazoea, mzee wangu. Vua, nikugeuzie."

Akamgeuzia. Kisha akachukua kikapu, akaenda bustanini kung'oa karoti za supu. Anthime alimkuta huko huko, amelala ubavu, karoti mkononi. Daktari alisema ni moyo. Basi.

Tangu hapo watu wa kijiji huja kumpa pole, na wote humwambia jambo moja: umepoteza mke shujaa. Anthime huwamiminia pombe ya matufaha. Zélie mwenyewe hakulipenda neno hilo.

Anthime alimwoa mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nane. Zélie alikuwa msichana wa kinamasini, mikono mirefu, na kwa pondo aliusukuma mtumbwi bapa kuwashinda wanaume. Mwaka uliofuata vita vikamwita Anthime. Mwaka wa arobaini Ufaransa ikaanguka kama banda bovu, naye akatekwa, akapelekwa Ujerumani kumlimia mtu viazi. Nyumbani akabaki Zélie na mama mkwe wake na ng'ombe.

Huko ugenini Anthime alivisoma vita kwenye uso wa yule mwenye shamba. Wakati wa baridi, habari za Wajerumani kushindwa Stalingrad zilipofika, bwana yule alizima redio akakaa mezani bila kumtukana mtu. Anthime akajua kuna kitu kimepinduka. Halafu, Juni ya mwaka wa arobaini na nne, mke wa bwana yule aliingia zizini akasema kwa sauti ndogo, "Wamarekani wamefika kwenu." Anthime alishinda akiimba. Kuimba huko kunamuuma mpaka leo.

Maana asubuhi ile ile Zélie alikuwa majini.

Wajerumani walikuwa wameyafungulia maji yakafunika malisho yote, ili askari wa miavuli wa Marekani wasipate pa kutua. Ng'ombe walibaki kwenye mwinuko katikati ya maji. Kila alfajiri Zélie aliwafuata kwa mtumbwi, akawakamua, akarudi na madumu ya shaba yamejaa. Maziwa yalipimwa kila siku kwa ajili ya Wajerumani. Kuna mara yalipungua, Wajerumani wakaja wakamswaga ng'ombe mmoja, hawakutaka maelezo.

Usiku wa kuamkia asubuhi hiyo ndege zilinguruma juu ya paa mpaka vyombo vikatikisika. Kulipopambazuka mama mkwe alisimama mlangoni kumzuia.

"Hutoki!"

"Mama, ng'ombe hawajui kama kuna vita. Viwele vitapasuka."

"Na wewe ukipasuka?"

"Utanishona. Si unajua kushona?"

Akaenda. Ukungu ulikuwa mzito. Juu ya maji aliona vitu vyeupe, akadhani ni bata bukini. Vilikuwa miavuli ya askari. Alikamua haraka haraka, akageuza mtumbwi. Njiani akasikia mtu anaita.

Alikuwa askari kijana, amezama mpaka kifuani, kamba za mwavuli zimemzonga, mzigo umemwelemea mgongoni, ameshikilia tawi la mti. Zélie alimvuta. Mtumbwi ukalala upande, maziwa yakachuruzika, akamwachia. Kisu hakuwa nacho. Na mtumbwi ule haungeweza kubeba madumu yote na mtu juu yake.

Angeweza kuyamwaga. Lakini mikono yake haikujua kumwaga maziwa. Tangu utotoni alipigwa kwa tone moja lililoanguka, na sasa tone lilikuwa ng'ombe mzima. Akashika pondo, akasukuma kwenda nyumbani, mbio.

"Una nini? Umeona mzuka?" mama mkwe akamuuliza.

"Pokea madumu, Mama. Nipe kisu."

"Kisu cha nini tena?"

"Mama, kisu!"

Aliporudi, tawi lilikuwepo. Kijana hakuwepo.

Alipapasa kwa pondo kila mahali, akapata matope tu. Mbele zaidi akasikia wengine wawili wanakohoa. Hao aliwakata kamba, akawatoa, akawaficha chini ya majani makavu, akawapa supu. Walipona. Hao wawili ndio kijiji kinaowajua.

Anthime naye, aliporudi kutoka utumwani, aliwajua hao wawili tu. Miaka ikapita. Siku moja ya Juni meya akaandaa sherehe, bendera kila dirisha, na wageni kutoka Marekani. Akahutubia kuhusu siku iliyogeuza vita, kisha akamwita Zélie avishwe nishani. Zélie alibaki ameficha mikono ndani ya aproni.

"Bwana meya, mpe mwingine."

"Mwingine nani, Mama Enault? Jina lako limeshachongwa!"

"Basi lifute."

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Anataka kubembelezwa kama bibi harusi!" Zélie akageuka akaondoka zake.

Anthime alimfuata barabarani akihema. "Umewaaibisha wageni, mke wangu. Uliokoa wawili!"

Ndipo Zélie akamweleza habari za yule wa tatu, na madumu, na kisu. Anthime akaanza kumtetea. Akasema pengine kijana yule angezama tu. Akasema kosa ni la waliochukua ng'ombe. Akasema vita ni vita. Leo angeyarudisha maneno hayo yote mdomoni, akamshika mkono tu.

Zélie alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Nilimwambia, 'Ngoja, nakuja.' Lugha yetu hakuijua, lakini akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Aliniamini, Anthime."