Kombora Langu Halifukuzi Mkia Tena

Wamenicheka wiki nzima. Leo wameniomba.

Kwenye ule mchezo wa kompyuta wa kujenga vyombo vya angani, kombora langu la kujiongoza lilikuwa linafukuza mkia wa adui mpaka linaishiwa mafuta. Lemayani, nahodha wa timu yetu hapa Karatu, akasema, "Oya mchunga mbuzi, chukua programu ya kombora ya mtandaoni au toka kwenye timu."

Nikakataa.

Mimi nimechunga ng'ombe kijijini Endulen. Ndama akitoroka humfukuzi kwa nyuma, unakatiza kule anakoelekea. Nikaliandikia kombora programu yangu hivyo hivyo.

Jaribio la kwanza likalipua chombo cha Lemayani! (Nilisahau kuvitia vyombo vyetu alama, kama ng'ombe wa boma.)

La pili, adui vipande.

Lemayani akasogeza kiti. "Ndugu yangu, nipe hiyo programu."

"Chukua ya mtandaoni."

Nimekosea wapi?