Siku Mwalimu Mastura Alipojaza Diski Dukani

Mtaani Mikanjuni, mjini Tanga, kila muuza samaki alimjua Mwalimu Mastura. Hakununua changu bila kumfunua mashavu, na hata fundi bomba alifanya kazi kwake huku amekodolewa macho. Hakuzaliwa hivyo. Miaka miwili nyuma alinunua diski mnadani, akahifadhi humo masomo yote ya wanafunzi wake wa kompyuta. Siku ya kuyafungua, majina ya mafaili yalikuwapo, ndani hamna kitu. Aliyeumwa na nyoka akiguswa na unyasi hushtuka.

Sasa alitaka kuunda kompyuta ya nyumbani yenye nguvu ya kubeba mashine pepe tano ndani yake, kila moja ikijiona kompyuta kamili. Humo angejifunza kuendesha mitandao, aharibu na kutengeneza atakavyo, bila kugusa kompyuta za shule. Jumamosi asubuhi akaingia duka la Abdulghani, Ngamiani, na karatasi yake mkononi: prosesa, mazabodi ya kuchomekea vyote, RAM nyingi, diski.

"Prosesa na mazabodi ninavyo," alisema Abdulghani. "Ila hizo RAM unazozionyesha, mwalimu, sikuuzii."

"Umemwekea nani?"

"Simwekei mtu. Ni za seva, zile kompyuta kubwa za ofisini. Kwenye mazabodi hii hazitawaka."

Mastura akazitazama. Urefu uleule, mkato uleule. Tangu lini mfanyabiashara akakataa kuuza?

"Chomeka nione."

Abdulghani akashusha pumzi, akachomeka. RAM zikazama kwenye tundu bila shida, feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi.

"Huenda mazabodi ndiyo mbovu," alisema Mastura.

Abdulghani akaweka RAM za kawaida. Kioo kikawaka. Mastura akazichomoa mwenyewe, akarudisha za seva. Giza.

"Haya," alisema, na samahani hakuitoa.

Ikabaki diski, iliyoandikwa gigabaiti mia tano. Mastura akatoa kompyuta yake ndogo kwenye mkoba.

"Naijaza hapahapa, kisha naisoma yote, nione kama inabeba kweli."

"Utakaa mchana kutwa!"

"Nimekuja na maji."

Akakaa. Wateja waliingia na kutoka. Adhuhuri Abdulghani akaenda msikitini, akamwachia duka na kila kilichomo. Hilo nalo halikumtuliza. Mtu anayekuachia duka lake anakuamini, au anataka umwamini?

Alasiri ikatimu, programu ya kupimia diski ikiwa inasoma ilichokiandika. Ilipopita gigabaiti mia moja na kumi, kilichofuata chote kilikuwa takataka; mia tano zilikuwa kwenye maandishi tu. Mastura akaigeuza kompyuta imwelekee Abdulghani.

"Wallahi sikujua," alisema Abdulghani.

"Wote husema hivyo."

Abdulghani akachukua simu. "Nimeshauza tatu." Akampigia wa kwanza, mpiga picha wa kijijini Kigombe, akaweka spika. "Rafaeli, ile diski usiitie kitu tena. Ni ya bandia. Nakili ulivyonavyo, uirudishe."

"Mbona nimeshaweka picha za harusi ya watu?" sauti ililalamika.

Akawapigia na wengine wawili. Mastura alisikiliza akimtazama usoni. Alisikia sauti tu; je, kama wamepangana?

Jumapili akapanda gari hadi Kigombe, akamuulizia Rafaeli mpiga picha. Akamkuta mlangoni pa kibanda chake, kompyuta mapajani, akimlaani Abdulghani kwa majina yote.

"Alikupigia kweli jana?" aliuliza Mastura.

"Kwani wewe ni polisi?"

"Mimi ndiye niliyejaza diski ya dukani kwake, ikagundulika ni ya bandia."

Rafaeli akamsogezea kigoda. Picha za mwanzo zilikuwa salama. Zilizofuata zilifunguka nusu, nusu kijivu. Wakakaa pamoja mpaka jua likapinda, wakiokoa moja moja. Za nikahi zilipatikana zote. Za karamu zilikwenda na maji.

"Unamwamini Abdulghani?" Mastura alimuuliza akiaga.

"Leo simwamini. Lakini angenyamaza, ningeyajua haya siku bwana harusi ananisimamia hapa mlangoni."

Jumanne Mastura akarudi Ngamiani. Alinunua prosesa, mazabodi na RAM za kawaida, kila kimoja kikiwashwa mbele yake. Diski aliichukua kwa mtu mwingine, akaijaza na kuisoma nyumbani siku mbili kabla ya kuitia kitu chake chochote.

"Zile diski ulizitoa kwa nani?" alikuwa amemuuliza Abdulghani Jumanne ile, alipokuwa akimfungia boksi.

"Kwa mtu niliyemwamini," alijibu, akainama kutafuta gundi.

Jina hakulitaja. Wiki ile mashine pepe tano ziliwaka chumbani kwa Mastura na kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, naye akaanza kujifunza kama alivyokusudia. Lakini kila apitapo Ngamiani humtolea Abdulghani salamu, hutazama rafu ya diski, na jina lile lisilotajwa humkereketa kama mwiba wa samaki kooni.