Seva ya Msimu wa Senene

Kwetu Bukoba, senene, wale panzi watamu wa msimu wa mvua, wakianguka, simu hutangulia kikaango. Mtu hajaokota hata kikombe kimoja, lakini ameshampigia kaka yake aliyeko Dar na binamu yake aliyeko Ulaya, kuwaambia tu kwamba wameanguka. Nawe uliye ugenini ukishapata habari hiyo, huna raha tena mpaka wakufikie. Mimi na mdogo wangu tulianzisha biashara yetu juu ya tamaa hiyo. Yeye anaishi Muleba na mama yetu, kwenye kibanja cha migomba alichoacha baba, na ndiye anayekaanga. Mimi niko mjini. Nalala Bilele, na kutwa nashinda Kashai kwenye duka langu la vifaa vya shule. Fungu langu lilikuwa tovuti: mtu aingie, achague, alipe, mzigo wake upakiwe kwenye basi.

Tovuti haikai hewani, ingawa mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu na sikuona aibu. Inakaa ndani ya kompyuta ya watu, mahali fulani, inayowaka usiku na mchana, na kompyuta hiyo ndiyo inayoitwa seva. Unapanga nafasi humo kama unavyopanga chumba. Mwanzoni nilitafuta chumba cha bei rahisi kuliko vyote, maana mimi pesa ikinitoka naumwa. Nikapata kampuni ya ng'ambo iliyokuwa ikirundika tovuti nyingi kwenye seva moja. Mwaka karibu wote tulikaa vizuri. Tulikuwa wapangaji wapole, hatugongi mlango wa mtu.

Kisha Novemba ikafika na senene wakaanguka Muleba, wengi ajabu. Mdogo wangu alinipigia, nami nikatangaza kwenye kundi la wasapu la watu wa nyumbani. Wakaingia wote kwa mpigo. Ile kampuni kuona chumba chetu kimejaa vile, ikadhani tumevamiwa na wahalifu, ikaifunga tovuti. Wateja wakakuta ukurasa mweupe. Nilipoandika kulalamika, nilijibiwa kwa adabu nyingi kwamba nimetumia kupita kiasi changu. Walipokuja kuifungua, watu walikuwa wameshanunua kwingine, na kwenye kundi mtu alikuwa ameandika kwamba sisi ni matapeli. Neno hilo lilinikata maini. Ndoo nzima za senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, safi kabisa, mdogo wangu alizipeleka sokoni akaziuza kwa bei ya kutupa.

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana, maana matusi yake nimeyazoea tangu utotoni. Siku nilipokwenda kuwaona alikuwa anamenya ndizi, na bila kuinua uso akasema, "Dada, msimu ujao ukienda hivi tena, mimi navuka Goziba. Kuna mama anapikia wavuvi kambini, ananihitaji."

Goziba ni kisiwa; unakwenda kwa boti na unarudi boti ikipatikana. Macho ya mama yetu yalikuwa yameanza kufifia, na mchana kutwa alikuwa akimwita mdogo wangu kwa hili na lile. Na yeye mwenyewe kibanja kile anakipenda mno. Migomba anaisemesha, ukimkuta anaona aibu. Nilijua hatanii, kwa sababu akitania hucheka. Nilirudi Bukoba nikiwa na hofu kwelikweli.

Karibu na duka langu kuna fundi wa kompyuta, mwanamume wa makamo, mtafuna kahawa asiyechoka. Punje zake zilizokaushwa anaziweka pale pale mezani, karibu na mkono wa kushoto. Nilimwingilia asubuhi nikiwa nimeshavimba.

"Fundi, nataka seva yetu peke yetu. Kubwa. Asiingie mtu mwingine humo."

"Mwezi wa sita huwa wanaingia watu wangapi kwenye tovuti yenu?"

"Mimi na mdogo wangu."

"Na wa saba?"

"Mdogo wangu anakuwa amechoka."

Akatafuna kahawa yake taratibu. "Mama, unataka ghorofa nzima ulale chumba kimoja. Halafu seva ya peke yako unaitunza mwenyewe. Ikiharibika, ataitengeneza nani?"

"Wewe."

"Mimi msimu wa senene nakuwa kijijini kwetu, naokota."

Nilimwambia sikuja pale kuhojiwa kama mwizi wa kuku. Tukabishana mpaka mteja wake mmoja akaaga akaondoka. Mimi nikikasirika sisikii neno, lakini nikitembea kidogo masikio hufunguka, na kabla sijafika dukani nilishajua kwamba yule bwana alikuwa anasema kweli. Kesho yake nikarudi na chupa ya chai. Akatoa vikombe.

Akanieleza kuna aina nyingine. Unapanga seva ndogo, mambo ya utunzaji wanafanya wenyewe, na wakati wowote unaweza kuiongeza ukubwa kisha ukaipunguza. Zipo zinazojiongeza zenyewe watu wakijaa, ila na bili nayo inajiongeza yenyewe, na hapo nilitikisa kichwa kabla hajamaliza. Tukachukua ile unayoiongeza kwa mkono. Shida yake ni moja: kuiongeza kunataka izimwe kwa muda, kwa hiyo lazima ufanye kabla watu hawajaingia. "Ujue kabla," fundi akasema. Sasa nani anajua kabla? Senene hawatumi taarifa.

Nilimpigia mdogo wangu. Yeye tangu tukiwa wadogo akitoka nje alfajiri, akiangalia ukungu na jinsi mvua ilivyonyesha, husema leo au kesho, na mara nyingi husema kweli. Nilimweleza habari yote ya seva. Akaguna. "Kwani hiyo seva yenu nayo inakula senene?" Lakini alikubali. Akiona dalili, anipigie aseme neno moja tu: panua.

Msimu uliofuata, mara ya kwanza alikosea. Alinipigia kwa uhakika wote, tukapanua, na jua likawaka wiki nzima mpaka majani yakasinyaa. Nikamwita nabii wa uongo. Yeye akasema ukungu ndio ulimdanganya, niuulize wenyewe. Tukapunguza, na ile gharama ya bure nikaimeza kimya kimya, jambo ambalo kwangu si dogo.

Mara ya pili duka lilikuwa limejaa wazazi wanaotaka madaftari. "Panua," akasema, akakata. Nilitaka kupuuza. Kisha nikakumbuka alivyokuwa akimenya zile ndizi, nikawaacha wazazi wamesimama, nikapanua. Kesho yake wakaanguka, Muleba na Bukoba yote. Nilitangaza kwenye kundi. Nikafungua tovuti kwenye simu yangu, ikafunguka. Nikaazima simu ya mshona viatu wa jirani, ikafunguka. Siku ile sikula mchana, nilikuwa nafungua tu na kufungua, na oda zinaingia, na hakuna aliyetuita tapeli.

Siku chache baadaye mdogo wangu akapiga. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa moshi.

"Dada yangu waitu, funga hiyo tovuti."

"Imegoma?"

"Ingegoma ningepumzika. Senene wamekwisha huku, na watu wanaagiza tu. Nimekaanga mpaka mama ameanza kuniletea maji ya kunywa kama mgonjwa."

Nikauliza lile nililokuwa naliogopa tangu siku ya ndizi. "Na Goziba?"

"Goziba kufanya nini?" Alikuwa amekasirika, utadhani mimi ndiye niliyetaka kumpeleka. "Nikienda huko, nani atakuambia panua? Wewe unayetazama ukungu ukaona ukungu?"

Niliibana simu kifuani nikacheka kwa furaha, asinisikie. Akangoja kidogo, kisha akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia sijalala, naifunga tovuti.