Pemba na ramani yangu ya Everest

Leo nimejifanya mwalimu kazini, na haya haijanitoka mpaka sasa.

Pemba anaendesha foklifti kwenye ghala letu hapa Rusayl, Oman. Ni Mnepali, na Pemba ndilo jina lake hasa, si wa kisiwani kwetu Pemba.

Saa ya chakula kanikuta nimetandaza ramani mezani. Mimi na binamu yangu Nasra tunapanga kwenda kwa miguu mpaka kambi iliyo chini ya mlima Everest.

Basi nikaanza kumsomesha. Nikamwambia kule juu hewa ni nyepesi, lakini sisi tutapanda kwa siku tano tu, maana ruhusa ya kazini ni fupi.

Kanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Halafu kaomba kalamu.

"Hapa laleni siku mbili," akasema kwa Kiarabu chetu cha kazini, huku anatia duara. "Na hapa siku mbili. Kichwa kikiuma usifiche, teremka."

"Umejuaje?"

"Kabla ya Oman nilibeba mizigo ya wageni, miaka tisa. Mmoja alificha. Nilimteremsha mgongoni siku nzima. Alipona."

Miaka minne tunakula meza moja, wallahi, sijapata kumuuliza alikuwa nani kabla.

Nimeomba ruhusa iongezwe, nimekubaliwa.

Mama yake Pemba anauza chai kwenye njia ile ile. "Ukimwona," kaniambia, "mwambie mwanawe kanenepa."

Halua nitampelekea mama huyo. Nambieni, na nini tena?