Pumzi ya Fumie Ziwani

Tatsuzo aliendesha basi mjini Obihiro kwa miaka thelathini na nane, na kila likizo alilala na mkewe Fumie hemani kando ya ziwa. Kisha mapafu ya Fumie yakachoka. Akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni iliyochomekwa ukutani, na kwa miaka mitatu hakufika mbali zaidi ya hospitali.

Siku moja Tatsuzo alirudi na betri kubwa ya kubeba, yenye soketi kama za nyumbani. Hakuiamini upesi. Wiki nzima aliichomekea mashine ya akiba uani, akakaa kando yake na daftari, akiandika imedumu saa ngapi.

"Majirani wanauliza unaatamia nini," Fumie alimtania.

"Pumzi yako, mke wangu."

Mwezi wa Juni, daktari aliporidhia, wakaondoka. Asubuhi Fumie alikaa mbele ya ziwa amejifunika blanketi, mrija puani, mashine ikinguruma taratibu. Kila baada ya dakika tano Tatsuzo aliinama kuchungulia betri.

"Wewe mwanamume, umekuja kutazama ziwa au tarakimu?"

"Imebaki asilimia sitini na nne."

"Basi chemsha maji. Nataka chai."

Umeme ule aliuonea uchoyo, lakini akachomeka birika. Fumie alikunywa vikombe viwili, mashavu yakamwiva, akaanza kumsimulia walivyonyeshewa hapo mwaka wao wa kwanza. Tatsuzo akaigeuza betri, tarakimu zikaelekea kwenye miti, akamsogelea amsikilize.