Bomba Lililokuwa Chini ya Tangawizi Yangu

Wajukuu zangu huniuliza kwa nini sisalimiani na jirani yangu wa upande wa chini. Naandika mara moja, wasiniulize tena.

Bomba la maji la kijiji chetu tulilichimbia kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, miaka ile sabuni ilikuwa haipatikani na sukari tunaipangia foleni. Baragumu likilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Kila kaya ilipimiwa hatua kumi za mtaro, kina cha kiuno. Mimi nilichimba hatua zangu nikiwa na mimba. Jirani alichimba zake, zikapakana na zangu, kwa sababu bomba lilipita kwenye mpaka wetu. Tulipofukia, wazee wakapanda masale juu yake, ili mtu asije akachimba pale.

Huku kwetu isale haling'olewi. Ni mpaka, na ni kiapo. Mtu akiling'oa, watu wanangoja tu kuona litakalompata. Basi hakuna anayekagua masale, maana hakuna anayedhani mtu atathubutu.

Mume wangu alithubutu. Jirani alikuwa ameteremka kwa mumewe, kibarua wa mkonge kule tambarare, akakaa misimu miwili. Aliporudi, masale yalikuwa yameingia shambani kwake hatua nne. Alipiga kelele. Wazee wakaja, wakayatazama, wakasema masale ndiyo hayo, mama, huko mkongeni umesahau shamba lako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikusema neno. Zile hatua nne nilizipanda tangawizi, na ilistawi. Mume wangu alikufa, siri akaniachia mimi.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Tajiri mmoja wa Same, mnunuzi wa tangawizi, akataka kujenga ghala kando ya barabara, kwenye shamba langu. Tulielewana: ghala lake, chumba cha mbele changu, nifungue duka. Kamati ya maji ikasema msingi hauchimbwi mpaka bomba lijulikane linapita wapi. Ramani ya mradi ilikuwa imeliwa na mchwa ofisini. Akaletwa mpima, kijana wa mjini, na kamba, vigingi, ndoo ya chokaa na mtaimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinikanyagie tangawizi."

Aliuliza watu bomba linapita wapi. Wote wakamjibu fuata masale. Akafuata. Akachoma mtaimbo mara tatu, akagonga jiwe, akasema, "Chuma hiki." Akamwaga chokaa mstari mmoja juu ya masale ya uongo, akachora kwenye karatasi yake. Halafu akapiga vigingi vya msingi wa ghala, mbali na mstari wake, na juu kabisa ya bomba lenyewe.

Nilivitazama vile vigingi. Vibarua walikuwa wameshashika sururu. Wakilipasua, bomba la chuma la kuliunganisha tungelipata wapi? Kijiji kizima kingerudi kuteka mtoni, kule bondeni, wajawazito na ndoo kichwani. Na nikisema, basi sisi ni wezi wa mpaka, ghala sina, duka sina.

Nilimchukia yule kijana kwa uvivu wake. Angechimba shimo moja tu, angejua mwenyewe, nami ningenyamaza.

"Kijana, hilo si bomba," nikasema. "Ni jiwe."

"Mama, hii kazi nimeisomea."

"Na mimi nimeichimba. Umesomea mtaro wangu?"

Vibarua wakacheka. Jirani alikuwa amekuja kutazama, amejifunga kanga kifuani. Hakucheka.

Nikachukua jembe. Nikahesabu hatua nne kuja upande wangu, nikang'oa tangawizi yangu changa, nikachimba. Hakuna aliyenisaidia. Nilipofika kiunoni jembe likalia. Nikafuta udongo kwa mkono. Bomba lilikuwa linatoka jasho, baridi.

Mpima akatazama bomba, akatazama masale. "Sasa haya masale yalikujaje huku?"

Jirani ndiye aliyejibu. "Muulize. Leo amekumbuka."

"Aliyahamisha mume wangu," nikasema. "Na mimi nilijua."

"Nilisema!" Jirani alinyoosha kidole kwa wazee waliokuwepo. "Mkaniambia nimesahau shamba! Na wewe, mwizi, umekula tangawizi ya udongo wangu, ikakushuka kooni?"

"Ilishuka," nikamwambia. Nilikuwa sina sababu ya kudanganya tena.

Kijana akafuta chokaa yake kwa kiatu, akachora upya. Akanipa karatasi nitie dole gumba kama shahidi, nikatia. Sehemu iliyobaki kwangu haikutosha ghala. Ya jirani, mpaka uliporudi mahali pake, ikatosha. Bati la ghala naliona kila nikifungua mlango, na kwenye duka la mbele anauza yeye.

Bombani tunakutana kila siku. Yeye anateka, mimi nateka, hakuna anayefungua mdomo. Sikumwomba radhi, na hakuniomba niombe. Alitaka kitu kimoja tu siku ile: masale niyarudishe kwa mikono yangu. Niliyang'oa, nikayapanda juu ya bomba moja baada ya jingine, na yeye alinisimamia juu ya kichwa, mikono kiunoni, akihesabu hatua kwa sauti.